Kiboko na Uzi wa Heshima

Paukwa.

— Pakawa.

Pakawa nini?

— Pakawa unachokijua wewe, tupe.

Haya, nawapa, ila mnyamaze. Na yule anayetafuna mihogo huko nyuma atafune taratibu, hadithi haina haraka.

Hapo kale, kale ya wanyama, si kale ya watu, wanyama walikuwa na mtandao. Msiniulize waliupata wapi. Fuko alichimba mfereji, waya ukalazwa ndani, ukatoka milimani, ukapita chini ya kivuko cha mto, ukafika bondeni. Ndani ya waya mlikuwa na nyuzi kumi na mbili, na kila walichotumiana wanyama kilipita humo.

Juu ya mwamba aliishi Pimbi. Mnamjua Pimbi: ukubwa wa sungura, mkia hana, na meno mawili ya mbele yasiyokubali kufichwa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti za wanyama wadogo na kuzitunza katika mashine yake pale pangoni. Duka dogo tu. Bi Kanga alikuwa na ukurasa wa kuuza manyoya yaliyomdondoka. Nungunungu alikuwa na ukurasa wa kuuza miiba, ya kushonea na ya kuchokonolea meno. Siafu walikuwa na ukurasa wa kuhamisha mizigo, na walihamisha kweli, hata usichowaambia wahamishe. Ukibonyeza wa Kanga, tiki, umefunguka. Ukibonyeza wa Nungunungu, tiki, umefunguka. Ukibonyeza wa Siafu, tiki, na wenyewe wameshafika mlangoni.

Pimbi alikuwa na tabia moja iliyowachosha rafiki zake. Alipenda habari za kanuni. Wenzake wakizungumzia mvua, yeye anauliza nani anausimamia waya. Wenzake wakizungumzia harusi, yeye anauliza kanuni ya mwaka huu inasemaje. Wakazoea kumwacha aongee peke yake.

Sasa pale kivukoni aliishi Kiboko. Waya haukuwa wake, mto haukuwa wake, lakini aliulalia. Na kitu akikilalia Kiboko, nani wa kumwambia asogee? Naye alifungua ukurasa, akauita Soko Kuu la Kiboko, akawa anauza matete na matikiti. Wateja wakaja wachache, wengi wakaenda kwa wadogo. Hilo likamuudhi. Akaondoka majini, dubu, dubu, dubu, hadi kwa Twiga.

Twiga ndiye aliyekuwa msimamizi wa mawasiliano. Walimchagua kwa sababu anaona mbali. Hawakufikiria kwamba masikio yake nayo yako mbali. Kiboko akamweleza kwamba kila mahali duniani wakubwa hupita mbele na wadogo nyuma, sasa kwa nini kwenye waya wabanane? Nyuzi zote kumi na mbili zimpishe mkubwa kwanza, akimaliza yeye ndipo wapite wadogo. Na akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba asipopewa haki yake anaweza akateleza kwa bahati mbaya, akaukanyaga waya. Twiga akasema wajaribu siku tatu.

Wakubwa mbele, wadogo nyuma. Wakajaribu. Ukibonyeza wa Kiboko, tiki. Ukibonyeza wa Kanga, zuuu, zuuu, zuuu, kiduara kinazunguka. Ukibonyeza wa Nungunungu, zuuu, zuuu, zuuu. Siafu walingoja siku nzima, hakuna aliyewaita, wakaanza kuhamishana wao kwa wao. Kiboko akapeleka salamu kwa wote: atakayemwacha Pimbi na kuhamia ndani ya Soko Kuu atapewa kona, kule nyuma karibu na matope.

Siku ya tatu Bi Kanga akapanda mwamba. Alikaa kwanza, akapanga mabawa yake, akauliza hali ya nyumbani, akasifu pango. Pimbi akajua mgeni huyu hana habari njema.

"Pimbi mwanangu," Kanga akasema, "wewe umenifaa, siwezi kusema uongo. Lakini nina vifaranga kumi na mmoja. Ukurasa usiofunguka hauwalishi. Wiki ijayo nahamia kwa Kiboko."

Nungunungu naye alikuja, akasema yaleyale. Siafu hawakusema, walianza tu kubeba vitu vyao, na vya Pimbi vichache. Pimbi akabaki anaitazama mashine yake. Iliuma. Duka lile alilijenga kwa miaka minane, na wakiondoka wale hakuna wengine. Angerudi kula majani juu ya mwamba kama babu yake.

Ila alikumbuka jambo moja. Jaribio likiisha, Twiga hana budi kuandika rasimu ya kanuni, aibandike, wadau watoe maoni. Hivyo ndivyo kanuni ya kutunga kanuni ilivyosema. Na kweli Twiga aliibandika rasimu mtini, wazi kabisa, kwa wananchi wote. Aliibandika pale macho yake yalipo.

Wanyama walipita chini ya mti, wakaona karatasi huko juu, wakasema kumbe serikali inafanya kazi. Wakaendelea na safari. Pimbi peke yake ndiye aliyepanda. Akasoma karatasi arobaini, siku mbili, amening'inia tawini, tumbili wakimrushia maganda. Akaona mambo matatu. Kwanza, wakubwa mbele, wadogo nyuma. Pili, kanuni ikishapigwa muhuri isiguswe kwa miaka ishirini. Hilo Kiboko alilitaka mwenyewe, wadogo wasije wakaibadilisha. Tatu, mdau yeyote anaweza kuomba nyongeza siku ya mkutano, mradi aliyeiomba kanuni akubali.

Siku ya mkutano wa maoni ikafika. Mnajua mikutano hiyo. Kulikuwa na chai, kulikuwa na maandazi, kulikuwa na daftari la mahudhurio. Wadau walisaini daftari, wakachukua maandazi, wakakaa nyasini. Mbele palikuwa na meza kuu: kitambaa cheupe, maua ya plastiki, chupa za maji, viti vya kochi vinne. Kiboko alikuja mapema akakaa kwenye kochi moja la katikati. Nyati, ambaye naye ni mkubwa, akataka kukaa pembeni yake. Kiboko akamtazama mpaka akaondoka. Akaja Kifaru, akatazamwa, akaondoka. Kisha Kiboko akaagiza makochi matatu yatolewe, likabaki lake.

Pimbi alikuja na hotuba ya kupinga, ameiandika vizuri, ina vifungu. Alipoona makochi yanatolewa, akaikunja akaikalia.

Twiga akauliza kama kuna mwenye maoni. Nyasini watu wanatafuna. Pimbi akasimama juu ya ndoo ya chai ili aonekane.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mgeni rasmi, na itifaki yote izingatiwe. Mimi siipingi rasimu hii."

Bi Kanga akaacha kutafuna.

"Naona tu haijampa Mzee Kiboko heshima ya kutosha," Pimbi akasema.

Kiboko akageuza shingo. Ni kazi kubwa kwake, lakini aliigeuza. "Haijanipa vipi?"

"Mzee, nyuzi ziko kumi na mbili. Rasimu inasema upite zote, kisha wapite wadogo. Maana yake asubuhi unapita wewe, mchana anapita Siafu mlemle na vumbi lake. Jioni unapita tena, juu ya nyayo za Siafu. Samahani Mzee, lakini hiyo ni meza kuu au ni nyasini?"

Kiboko akatazama kitambaa cheupe. Akawatazama Siafu. Akajikuna ubavu.

"Sasa wewe unasemaje, bwana mdogo?"

"Mzee uwe na uzi wako. Mmoja tu, kama kochi hilo. Uitwe Uzi wa Heshima, uandikwe namba moja. Asiuguse mwingine."

"Na hizo kumi na moja?"

"Hizo ni za nyasini, Mzee. Utazifanyia nini?"

Kiboko akafikiri. Akifikiri anatoa pumzi, pfuu, na maua ya plastiki yakaanguka. Akasema ndiyo, na Nyati asiuguse, na Kifaru asiuguse, na atakayeugusa afukuzwe bondeni. Pimbi akaandika yote, taratibu, kwa heshima.

"Limebaki dogo," Pimbi akasema. "Je, siku Mzee akitaka kutoka kwenye uzi wake?"

"Nitoke niende wapi?"

"Najua hutatoka. Lakini kanuni haipendi pengo, tuweke neno lolote. Tuseme, anayetaka kutoka aandike kwa mkono wake kwamba yeye ni mdogo."

Kiboko akacheka mpaka kochi likalia. Akasema iandikwe hiyo, iandikwe kwa wino mweusi, ili watu wajue. Twiga akauliza huko juu kama kuna pingamizi, akasikia upepo, akateremsha muhuri. Gwaa.

Wadau wakapiga makofi, wakafunga maandazi yaliyobaki kwenye leso, wakarudi makwao. Wakubwa mbele, wadogo nyuma, miaka ishirini.

Kesho yake Bi Kanga akabonyeza ukurasa wake, kwa kuuaga tu. Tiki. Akadhani amekosea, akabonyeza tena. Tiki. Nungunungu, tiki. Siafu, tiki, na wenyewe wameshafika mlangoni. Nyuzi kumi na moja, na wadogo peke yao ndani, wanapishana bila kugusana. Kanga alifungua furushi lake la kuhamia, akalia kidogo, kisha akaenda kulisha vifaranga.

Na Soko Kuu la Kiboko? Mbele kulikuwa na picha ya Kiboko kwa mbele. Chini yake picha ya Kiboko kwa ubavu, wa kulia na wa kushoto. Kisha Kiboko akiwa na shada la maua. Kisha video ya Kiboko akitoka majini, na ya Kiboko akirudi, na tarumbeta tatu. Huko chini kabisa ndiko yaliko matikiti. Vyote hivyo vilipangwa vipite kwenye nyuzi kumi na mbili, sasa vinapita kwenye mmoja, wa heshima. Zuuu, zuuu, zuuu. Nyani alikuja kununua tikiti. Akabonyeza, akangoja, akamtoa chawa mkewe, akawatoa chawa watoto, akamtoa chawa mama mkwe. Kiduara kinazunguka. Nyani akaenda zake kula ubuyu.

Mwezi ukapita. Matikiti yakaoza. Kuukanyaga waya Kiboko hakuweza, maana uzi wake umo humohumo. Kwa Twiga alikwenda, Twiga akamwonyesha miaka ishirini na muhuri. Mwishowe akaja kwa Pimbi, dubu, dubu, dubu, akasimama chini ya mwamba kwa sababu kupanda hakuwezi. Akauliza kwa sauti ya chini kama kuna namna.

Pimbi akamwambia ziko mbili. Ya kwanza, tupunguze picha. Wakazipitia moja moja. Hii hapana, alisema Kiboko, hapa nilikuwa natabasamu. Hii hapana, hili shada alinivisha shangazi. Wakazimaliza zote, haikutoka hata moja.

Ya pili, Pimbi akamteremshia karatasi na kalamu. Maneno manne tu, akamwambia: Mimi Kiboko ni mdogo. Ukiandika hayo, leo hii unaingia nyuzi kumi na moja pamoja nasi, na ukurasa wako nitautunza mwenyewe.

Pimbi alisema kweli. Angeutunza. Kiboko akashika kalamu, akaandika Mimi. Akaandika Kiboko, kwa herufi kubwa. Akaandika ni. Akakaa hapo hadi kivuli cha mwamba kikahamia upande wa pili. Kisha akaweka kalamu chini, akarudi mtoni.

Yuko huko mpaka leo, macho na pua tu nje, anangoja kiduara kiache kuzunguka. Mkimwona anafungua kinywa kile chote mkadhani anapiga miayo, si miayo. Analijaribu lile neno la nne. Halitoki.

Hadithi imefika, na mimi nimechoka. Funzo lake ni hili, mlishike: wadogo wasibishane na wakubwa. Mkubwa akitaka heshima, mpeni, tena mwongezeeni.

Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda anirudishie, nitampa mwingine.