Zumaridi Isiyotiwa Mafuta

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa kale, pembezoni mwa jangwa lenye machimbo ya zumaridi, aliishi mwanamke mcha Mungu akiitwa Lubaba binti Wahbi, Mola amrehemu. Mumewe, Maimuni, alikuwa mchongaji wa vito. Akatekwa njiani na Shadadi, mkuu wa wanyang'anyi, na ujumbe ukaja: atakombolewa kwa zumaridi moja safi, la sivyo Lubaba asahau kuwa aliwahi kuolewa.

Nyumbani palikuwa na moja tu. Na zumaridi, ndugu zangu, zina daraja. Ya rangi ya nzi wa kijani ndiyo sultani wao. Hufuata ya rangi ya mrehani, kisha ya rangi ya sabuni. Baada ya hapo ni jiwe tu, la kuzuilia mlango usipigwe na upepo. Ya Lubaba ilikuwa ya mrehani, lakini ndani imejaa nyufa.

Ada ya mji ule ilikuwa kuchovya jiwe katika mafuta ya ufuta ya moto, nyufa zikajificha. Jirani yake, Saluma, akamwambia, "Shoga, chovya! Hata mtoto hupakwa mafuta siku ya Idi. Huo nao ni uongo?"

Lubaba akacheka huku machozi yakimtoka. Akawasha jiko, akaweka chupa ya mafuta karibu, na wakati moto unakolea, adhuhuri ile, usingizi ukamchukua.

Akaota yumo katika bustani ambamo kila kitu ni kijani, hata maji, hata sauti za ndege. Akainamisha chupa juu ya jiwe lake, halikutoka tone. Akaitikisa. Wapi! Mahali fulani nyuma ya majani, mtu asiyeonekana alikuwa akisema taratibu, "Amina, amina."

Alizinduka harufu ya mrehani ingali puani. Akauzima moto, akaenda jangwani na jiwe lake hivyo hivyo, akaliweka mbele ya Shadadi. "Bwana, lina nyufa," akasema. "Sina jingine. Na mume wangu nampenda."

Shadadi akaliinua juani, akaligeuza huku na huku. Kisha akafungua kifuko, akamwaga mchangani mawe yaliyopauka. "Haya yote yaliletwa yaking'aa. Jua la huku likakausha mafuta, nami niliwafuata waliokombolewa kwayo hadi majumbani mwao, nikawarudisha. Wewe mchukue mumeo. Sina sababu ya kukufuata."

Njiani Maimuni akalia. "Niliyaona yale mawe yakipauka, nami sina wa kumtuma kwako. Kila adhuhuri niliomba: Ee Mola, mnyime Lubaba mafuta, asipate hata tone."

Lubaba akasimama palepale. "Na nani aliyekuwa akikuitikia amina?"

"Nilikuwa peke yangu," akajibu mumewe.

Kila mmoja wetu, ndugu zangu, anayo chupa yake karibu na jiko. Tumwombe Mwenyezi Mungu atunyime yaliyomo.