Jeli Aliyoichagua Nyati

Kuna mnyama nimemfunga hapa.
— Mfungue, bibi, tumwone.
Ana pembe.
— Tutarudi nyuma kidogo.
Na ana tamaa.
— Basi tutarudi nyuma sana.

Haya, namfungua. Ila nawaambieni mapema, hii mimi siisimulii kwa kucheka. Mama yangu aliisimulia huku amekunja uso, na mama yake yeye alikuwa akifika katikati anatema mate pembeni, ndipo anaendelea.

Palikuwa na kilima cha mawe mekundu, na chini yake chemchemi. Moja tu. Kila mwaka kiangazi kikianza, wanyama walikimbia mbio ndefu, kukizunguka kilima mara tatu, tangu jua linachomoza mpaka linaegemea magharibi. Atakayetangulia, chemchemi ni yake hadi mvua. Zamani mshindi alikuwa akisema, "Ni yangu, njooni mnywe." Ndivyo wanavyoshinda wenye adabu zao. Kisha akaja akashinda Nyati. Akaizungushia chemchemi boma la miiba ya mgunga, miiba mirefu kama kidole changu hiki, akasema, "Ni yangu." Akaishia hapo.

Mwaka wa kwanza wenzake wakalamba umande. Mwaka wa pili wakalamba umande. Mwaka wa tatu Pimbi, yule mdogo wa kwenye mawe, asiye na hata mkia wa kufukuzia nzi, akamzika kitindamimba wake. Ulimi wa mtoto ulikuwa mkavu kama gome.

Pimbi akaenda bomani. Akasema, "Bwana Nyati, nimebakiwa na watatu. Nipe maji yao tu, mimi sinywi."

"Maji ni ya mshindi," akasema Nyati. "Kimbia ushinde, mama mawe." Akacheka, hoh hoh hoh, maji yanamchuruzika kidevuni.

Pimbi hakulia. Alikuwa ameshalia yote. Akasema, "Nitakimbia."

Sasa mbio ndefu hazikimbiwi na tumbo tupu. Fundi wa chakula cha wakimbiaji alikuwa Tumbili. Alipika jeli, ute mzito mtamu, akaufunga kwenye vipande vya jani la mgomba. Mkimbiaji anang'ata ncha, anafyonza, miguu inaendelea na kazi yake. Pimbi akamwendea mwezi mzima kabla ya mbio.

Akaonja ya ukwaju, akakimbia, tumbo likakunja uso. Akaonja ya kahawa, nyeusi, nzito kama lami, akakimbia, tumbo likampeleka nyuma ya jiwe, akakaa huko asubuhi hadi adhuhuri. Akaonja ya asali na chumvi, akakimbia, tumbo likanyamaza.

"Ni hii," akasema.

"Hiyo?" Tumbili akashangaa. "Hiyo nawapikia wagonjwa."

"Nipikie na mimi."

Akalizoeza tumbo lake jeli hiyo kila siku. Na kila alfajiri akawa anakinga umande kwenye makombe ya konokono, anayaficha nyuma ya mawe kuzunguka kilima. Wanawe walimtazama. Hawakuomba, na hilo ndilo lililomzidishia hasira.

Siku ya mbio ikafika. Desturi yao ilikuwa mkubwa huchagua jeli kwanza, na alichochagua yeye hakiguswi na mwingine. Pimbi akawahi, akakikumbatia kikapu cha jeli ya kahawa. Nyati akaja, gidi gidi gidi.

"Toka hapo."

"Bwana Nyati, chukua zote, hii niachie. Bila hii ya kahawa naishiwa nguvu njiani."

"Mkubwa nani?"

"Ni wewe."

"Anayechagua kwanza nani?"

"Ni wewe, bwana. Lakini nakuomba."

Nyati akachukua za kahawa zote kumi na mbili.

"Hiyo ni moja kwa mzunguko," Tumbili akamwambia, "na maji juu yake. Na tumbo liwe limeshaizoea."

"Wewe umeanza lini kunifundisha kula?"

Tumbili akamtazama Pimbi. Pimbi akatazama vidole vyake. Tumbili akafunga mdomo.

Ngoma ikalia, ndu. Nyati akaenda gidi gidi gidi, fyo. Gidi gidi gidi, fyo. Pimbi akaenda tipu tipu tipu, jeli kidogo, umande kidogo. Mzunguko wa kwanza Nyati alifyonza saba. Mzunguko wa pili akamaliza zilizobaki, ulimi ukagandana na kaakaa.

Tumbo likasema buru.

"Nyamaza," akaliambia.

Tumbo likasema buru buru buru. Kisha chwaa. Mara ya kwanza alikimbia nayo. Mara ya pili alisimama. Mara ya tano hakikubaki kitu ndani yake ila kiu, na kila mnyama anatazama.

Akageukia chemchemi. Boma alilifunga mwenyewe, mafundo saba mlangoni, na kiu haina subira ya mafundo. Akalipiga kwa pembe, paa. Akalipiga tena, paa. Miiba ikamjaa puani, boma likalala chini, naye akaanguka ukingoni, akanywa gudu gudu gudu mpaka akashindwa kuinuka.

Tipu tipu tipu, Pimbi akapita.

"Mama mawe," Nyati akasema kwa sauti ya chini, "ningoje. Nishike mkono."

"Nina watoto watatu," akasema Pimbi, wala hakupunguza mwendo.

Akaumaliza mzunguko wa tatu. Akarudi pale boma lilipolala, akasimama juu ya miiba. "Ni yangu," akasema. Wanyama wakarudi nyuma hatua moja. "Njooni mnywe. Watoto kwanza."

Nami hapo ndipo pumzi yangu ilipofika. Anayetaka mbele zaidi akayaulize yale mawe mekundu, yalikuwepo.

Mnataka fundisho? Pimbi alidanganya, na kudanganya ni kubaya, msimwige. Shikeni la Nyati. Mkubwa achague kwanza, siku zote, na achukue vyote. Msibishane naye wanangu, msimkumbushe maji. Msogezeeni kikapu.