Pimbi Aliyevalishwa Tumboni

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo sauti ni ya watu watatu, na mimi hapa naona vichwa tisa. Paukwa!

Pakawa!

Sasa sawa. Hadithi hii ina kuitikiana ndani yake. Asiyeitika atafanya mtoto wa watu azaliwe uchi.

Hapo zamani za kale, juu mlimani, kwenye mawe matupu, aliishi Bi Pimbi. Baridi ya huko iling'ata masikio. Na pimbi hajengi kiota, wala hachimbi shimo. Analala juu ya jiwe, basi. Bi Pimbi akashika mimba. Mwezi wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Wa tatu ukapita.

Jirani yake alikuwa Mama Panya. Huyu alizaa kila ukigeuka. Watoto kumi, wekundu, hawana hata unywele. Anawafukia kwenye majani makavu, anaendelea na shughuli zake.

"Shoga, bado tu?" aliuliza Mama Panya. "Tangu ushike hiyo mimi nimezaa mara tatu."

"Wako wanaangukia majani," alisema Bi Pimbi. "Wangu anaangukia jiwe. Lazima atoke amevaa."

"Na asipovaa?"

"Hafiki jioni."

Alisema hivyo, akaenda kutafuta chakula.

Sasa, nani alikuwa akimvalisha yule mtoto? Kwenye ngozi yake changa, laini kama utando wa maziwa, walikuwamo mafundi watatu. Wadogo, wadogo sana. Msiniulize waliingiaje. Juu ya ngozi alikaa Sisimizi. Chini ya ngozi alikaa Mchwa. Na Shangazi Konokono alitambaa huku na huku.

Kazi yao ilikuwa na desturi. Sisimizi hachimbi mpaka aulize. Anagonga, ngo ngo ngo.

"Wa chini?"

"Nipo," anaitika Mchwa.

"Hapa?"

"Hapa."

Ndipo Sisimizi anazama, dididi, anakwenda chini. Mchwa anamngoja huko na chakula cha mzizi wa unywele. Shimo moja, unywele mmoja. Kisha Shangazi Konokono analizunguka lile shimo, polepole, anaacha duara la ute.

"Ndani ya duara langu, basi," anasema. "Shimo jingine nje."

Sisimizi anasogea nje ya duara. Ngo ngo ngo. Wa chini? Nyie itikieni.

Nipo.

Hapa?

Hapa.

Vizuri. Wakaenda hivyo, shimo kwa shimo, mpaka katikati ya mgongo.

Siku hiyo sauti ya Mama Panya ikaingia mpaka ndani. "Shoga, hao mafundi wako wamelala?"

Sisimizi akaona aibu. Akamgeukia Konokono. "Shangazi, wewe ndiye unayetuchelewesha. Nenda kakae nyuma kabisa."

"Naenda," alisema Konokono. "Lakini ukinihitaji, mimi siji mbio."

Akaenda. Alichukua muda kufika, lakini alifika.

Sisimizi sasa hana wa kumzuia. Hagongi tena, haulizi tena. Dididi, dididi, dididi. Shimo hapa, shimo kando yake, shimo juu ya shimo.

"Kaka, nikufuate wapi?" alilia Mchwa huko chini. "Nikigeuka uko hapa, nikigeuka uko pale. Na chakula ninachobeba ni kile kile."

"Wewe lisha tu."

Mchwa akalisha, akalisha, akalisha, mpaka mikono ikalegea. Akapanda juu kutazama. Akatazama mgongo. Akatazama kifua. Akaketi.

"Kaka, mgongoni pana msitu. Kifuani hakuna kitu. Tumboni hakuna kitu. Miguuni hakuna kitu."

"Tutachimba akishazaliwa."

"Akishazaliwa hakuna kuchimba. Shimo lisilochimbwa humu halichimbwi tena. Leo ndiyo unalisahau hilo?"

Mtoto akatetemeka. Bi Pimbi akasikia vurugu, akajishika tumbo.

"Enyi humo ndani," alisema. "Sijui mnagombania nini. Mimi natafuna majani magumu tangu asubuhi, meno yananiuma, ili nyie mpate kula. Acheni maneno, fanyeni kazi."

Sisimizi akakimbia mpaka huko nyuma. "Shangazi, nimekosa. Rudi."

"Nilikwambia siji mbio."

"Nitakubeba."

"Mimi? Na gamba langu?"

"Na gamba lako."

Akambeba. Gamba, ute na manung'uniko, vyote kichwani. Wakashuka kifuani, Sisimizi anapepesuka, Konokono anacheka mpaka pembe zinajikunja. Ngo ngo ngo. Wa chini?

Nipo.

Hapa?

Hapa.

Dididi, duara, sogea. Dididi, duara, sogea. Shingo ikajaa. Kifua kikajaa. Tumbo likajaa, miguu ikajaa. Mwezi wa tano, wa sita, wa saba, na siku kidogo juu yake.

Bi Pimbi akajifungua asubuhi yenye umande wa baridi. Mama Panya alikuja na mzigo wa majani makavu mdomoni, maana alimhurumia yule mtoto. Akafika. Mtoto akajikung'uta, pwa pwa pwa, na manyoya yakasimama mwili mzima. Kabla mama yake hajamaliza kumramba, alishapanda juu ya jiwe.

Mama Panya akaangusha majani. "Shoga, huyu mbona kaja na koti?"

"Nilikwambia."

"Na hapa mgongoni? Mbona nywele zimesongamana, na rangi yake nyingine?"

"Hapo waligombana," alisema Bi Pimbi. "Niliwasikia."

Wakacheka wote wawili. Majani hayakupotea. Mama Panya aliyarudisha kwake, kulikuwa na watoto wake wapya kumi na mmoja wanangoja. Na mpaka leo ukimwona pimbi, mtazame mgongoni. Doa lile lipo.

Funzo lake ni hili. Kazi ya pamoja ni kuulizana na kuitikiana. Anayekwambia "hapa basi" anafanya kazi kama wewe unayechimba, usimfukuze. Na kazi yenye wakati wake ifanyeni kwa wakati wake.

Hadithi yangu imefika mwisho wake, sina nyingine mfukoni. Wa chini?

Nipo.

Haya, inukeni mkanawe miguu.