Fisi na Ada Isiyorudishwa

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyua zao na majirani wa kugombana nao, Nyati na Ngiri waligombania kijia kilichopita kati ya nyumba zao. Fisi akajitia upatanishi. Kwanza kabisa akakiziba kijia kwa miiba.

"Hapiti mtu mpaka mpatane!"

Sasa shamba la Mama Pimbi lilikuwa ng'ambo ya kijia. Mvua zimeanza, mbegu bado zimo kapuni. Jamani wanangu, mvua humngoja nani?

Na kila kikao Fisi alitaka ada: Nyati alete ugali, Ngiri alete kunde za nazi. Ada hulipwa kwanza na hairudishwi, hata kikao kikivunjika. Kwa mila zao, waliokula pamoja hawana kesi tena, kwa hiyo Fisi aliwakalisha mbalimbali, akala peke yake. Nyam, nyam, nyam! Kisha husema, "Nimeshiba mno, siwezi kuamua. Njooni kesho."

Kesho! Kila siku kesho!

"Mzee, mbegu zangu zinaozea kapuni!" alilia Mama Pimbi.

"Lipa ada ya malalamiko," Fisi alijibu bila hata kumtazama.

Lo! Mama Pimbi alichoka, hata hasira zake zikachoka. Asubuhi iliyofuata, Nyati na Ngiri walipoleta ada yao, akamnong'oneza Fisi.

"Mzee, mimi simo. Ila wale wawili umewaudhi sana. Chakula chao unakila hivihivi tu, hakuna wa kutoa sumu?"

Kutoa sumu ni desturi: aliyeleta chakula huonja kwanza, mlaji atulie. Fisi akawageukia Nyati na Ngiri.

"Nyie! Toeni sumu!"

Nyati akamega ugali, akatia mdomoni.

"Mkavu?" Pimbi akamaka. "Na kama sumu imo kwenye kunde?"

"Chovyeni! Wote wawili!" Fisi akabweka. Hofu ilikuwa imemsahaulisha mila.

Nyati akachovya. Ngiri akamega, akachovya. Wakatazamana.

"Jirani, kunde hizi kapika shemeji?"

"Ndiye. Na ugali wako, ama umesongwa!"

Tonge hili, tonge lile, mpaka wakakomba chungu.

Mama Pimbi akapiga kigelegele. "Majirani, njooni mshuhudie! Wamekula pamoja, kesi imekwisha!"

"Na ada yangu je?" Fisi akafoka. "Nirudishieni ada yangu!"

Nyati akacheua, kweuu!

"Hairudishwi, mzee," akasema Pimbi. "Kanuni ni yako mwenyewe."

Nyati akaitupa miiba kwa pembe zake. Mama Pimbi akapita mbio, kapu kichwani, hata kuaga hakuaga. Jioni ile ile mbegu zake zilikuwa ardhini, zinanyeshewa.

Wanangu, anayeshibia ugomvi wenu hatapenda uishe.