Amependa Mandhari, Amebaki

Honi, honi!
Tumesikia, pita!
Nipite na nani?
Na sisi sote!

Kuna jambo sijawahi kulitegua. Je, Chui alipata gari kwa kuwa alipenda mandhari, au alipenda mandhari kwa kuwa ilimletea abiria? Wazee nimewauliza. Kila mmoja ana jibu lake.

Chui alikuwa akipandisha wanyama mlimani, ngurrr, ngurrr, wakatazame msitu na maporomoko. Kwenye kona ya saba, penye ukungu, alisimama. "Wa kiti cha mbele, shuka nikuonyeshe mandhari."

Safari ya kwanza akashuka Kanga. Kimya. Kra! Chui akarudi peke yake, analamba sharubu.

"Kanga yuko wapi?"

"Amependa mandhari, amebaki."

Safari ya pili akashuka Digidigi. Kimya. Kra! "Amependa mandhari, amebaki."

Safari ya tatu akashuka mume wa Bi Perere, yule mnyama mdogo asiye na mkia, akaaye mitini. Kimya. Kra!

Safari ya nne, Bi Perere mwenyewe akakaa kiti cha mbele.

Ngurrr, ngurrr. Kona ya nne. Kona ya tano.

"Mbona unatetemeka, Bi Perere?"

"Baridi ya mlimani, Bwana."

"Vumilia, mama. Kona ya saba kuna joto."

Nyuma, Nungunungu na Mbega hawakuthubutu hata kukohoa. Kona ya sita. Ukungu ukafunga kioo.

"Bwana Chui, breki!" akalia Bi Perere. "Matawi!"

Kiii! Kila dereva wa milimani anajua: matawi mabichi yakilazwa barabarani, mbele kuna gari limekwama. Chui akameza mate.

"Limejaa?"

"Nasikia sauti nyingi, Bwana. Wanene, kwa jinsi wanavyohema. Lakini turudi, naogopa."

"Kaeni humu! Nakwenda kuwasaidia, peke yangu."

Akafuata matawi mbiombio. Tawi, tawi, tawi. Barabara ilikata kulia. Matawi yalikata kushoto. Tawi, tawi... poroporoporo... tubwi!

Kimya.

"Bwana Chui yuko wapi?" Mbega akanong'ona.

"Amependa mandhari," akasema Bi Perere, "amebaki."

Basi, wanangu, funzo ni hili: heshimuni alama za barabarani. Chui aliziheshimu zote, mpaka ya mwisho. Hapa nazima injini. Mwenye miguu ashuke.

Na matawi? Abiria walishauriana palepale, wakaamua: aliyeyaweka ayaondoe, asije akapotea msafiri mwingine. Nungunungu akatazama miiba yake. Mbega akatazama mawingu. Bi Perere, aliyeshinda siku nzima ya jana akiyakata kwa meno, akafungua mlango, akayaokota tawi moja moja, mpaka lile la ukingoni.