Mikono Iliyokuwa Bado Zamuni

Nilikuwepo. Nasema mapema, asije mtu akaniambia "hayo ni ya kusikia." Niliona kwa macho haya mawili na nikasikia kwa masikio haya, ambayo mwalimu wangu wa darasa la tano aliyavuta mpaka yakarefuka kuliko ya wenzangu. Shule niliishia hapohapo, lakini kuona sikuishia. Mwenye shaka aiweke mlangoni pamoja na viatu, ataichukua akitoka.

Haya, sogeeni. Palikuwa na watu watatu katika shamba la mkonge la Kwamwenda, kila mmoja na chake.

Mhina alikuwa na sikio. Kazi yake ilikuwa kutengeneza baiskeli, na baiskeli ikipinda kona ya msikitini yeye, kichwa kikiwa kimeinama kwenye mnyororo wa mtu mwingine, husema: "Huyo mjomba, spoki mbili zimelegea, na mkewe kamgombeza." Anakuja mjomba, spoki mbili zimelegea, na uso ni wa mtu aliyegombezwa.

Mwanamvua alikuwa na sauti. Baba yake alikuwa mpiga zumari, yule anayevuta pumzi kwa pua huku zumari linaendelea kulia. Zumari hakupewa, eti mtoto wa kike. Basi aligeuza koo lake zumari. Alikuwa akitembeza samaki wa kukaanga, na sauti yake ikifika mtaani asubuhi, mwenyewe anafika saa sita.

Na Ntahondi alikuwa na mwili. Babu yake aliletwa toka Kigoma kukata mkonge, enzi za manamba, wale vibarua waliovaa namba shingoni badala ya majina. Ntahondi akitazama kitu, anakuwa kitu hicho. Siku moja aliigiza mlango. Mimi nilitaka kupita, nikabisha hodi.

Watatu hawa walikutana kwenye warsha. Mwalimu Adelina alishuka Kwamwenda bila gitaa wala ngoma, ana begi la nguo na daftari tupu. Akatangaza kuwa kwa siku nane atafundisha sanaa za majaribio: sauti, koo na mwili, kila mtu aje na mikono yake tu. Alitaka lile ghala kubwa ambamo zamani ilifanya kazi korona, mashine ya kuchuna majani ya mkonge mpaka zibaki singa, nyuzi zake nyeupe. Korona yenyewe ilishang'olewa ikauzwa chuma chakavu. Lilibaki ghala, na nje yake nguzo yenye kipande cha reli kinachoning'inia, kengele ya zamu.

Ufunguo wa ghala alikuwa nao Bi Sikudhani, ameufunga kwenye pindo la khanga.

"Mnakwenda kujifunza nini humo?" aliuliza.

"Kusikiliza, bibi."

"Kusikiliza nako kunafundishwa?"

"Kunasahaulika," akasema Mwalimu Adelina. "Ndiyo maana."

Bi Sikudhani akalegeza fundo, akamkabidhi ufunguo.

Walianza watu kumi na tisa. Waliambiwa walaze sikio kwenye mabati saa sita mchana, yanapotanuka na kulia. Waliambiwa watembee peku juu ya mabaki ya singa mpaka nyayo zianze kukumbuka. Waliambiwa walipatie jiwe sauti. Watu wakajaa madirishani kucheka.

"Warsha gani hii? Watu wazima wanalia kama mbuzi!"

"Mbuzi ana sababu!"

Ilipofika siku ya tatu wamebaki watatu wetu.

Siku hiyo ndiyo Bi Sikudhani alikuja na mumewe, Mzee Kihiyo, akamketisha kwenye kiti kando ya ukuta. Asingeweza kumwacha nyumbani. Mikono ya Mzee Kihiyo ilikuwa haitulii. Iliokota kitu hewani upande wa kushoto, ikakinyoosha, ikakisukuma mbele, ikarudi, ikaokota. Mchana kutwa. Usingizini pia. Miaka minne sasa. Kijiko hakishiki, tonge halishiki, na mkewe anamlisha uji akivizia mwanya kati ya mkono na mkono, kama mtu anayevuka barabara ya malori. Alikuwa amekonda, Bi Sikudhani akimbeba haoni tena uzito. Hilo ndilo lililokuwa likimwamsha alfajiri: kwamba haoni uzito.

Sababu aliijua. Mzee Kihiyo alikuwa mlishaji, anayeilisha korona majani. Na desturi ya Kwamwenda ilikuwa moja: mlishaji haondoi mikono mpaka reli igongwe, maana akiondoka mapema, mwenzake wa upande wa pili hupoteza kidole. Siku ya mwisho umeme ulikatika katikati ya zamu. Mashine ikafa ghafla. Wakubwa wakapanda gari. Reli haikugongwa. Watu walikwenda nyumbani, na Mzee Kihiyo alikwenda nyumbani, lakini mikono yake ilibaki kazini.

Usiseme "si wangeigonga tu?" Bi Sikudhani aliigonga, mwezi uleule wa kwanza, mpaka majirani wakatoka kuuliza nani kafa. Mikono haikujali. Reli ikigongwa pasipo mashine ni kelele tu.

Kwa kumbukumbu ya utumishi wake, watu wa shamba walimpa mzee ile reli, na ufunguo ukafuata reli. Hivyo ndivyo ilivyo huko: mwenye reli ni mmoja, ndiye aitaye watu mkutanoni na msibani, na ndiye ashikaye ghala.

Sasa, siku ile ya tatu, Mwalimu Adelina alimwambia Mwanamvua alipatie ghala tupu sauti yake. Mwanamvua akafumba macho, akaanza kuunguruma, chini kabisa, mpaka vumbi la singa likainuka sakafuni na kuelea katika miali ya jua iliyopenya matundu ya mabati. Na mikono ya Mzee Kihiyo ikasita. Mara moja tu. Ikageukia sauti, kama ng'ombe aliyesikia anaitwa.

Bakuli lilimponyoka Bi Sikudhani. Alisimama, uji ukimtiririka mguuni, akasema mbele ya wote, na mimi nikiwemo: "Atakayeituliza mikono ya mume wangu, reli ni yake. Na ufunguo wa ghala juu yake."

Basi wakajenga mashine isiyo na chuma. Kesho yake Mwanamvua alikuwa mota. Mhina alipanga sauti: mapipa ya kupiga mapigo ya mkanda uliozungusha mashine, mchanga kwenye ungo kwa yale maji ya kuoshea singa, kijiti kwenye bati kwa meno ya mashine. Alikuwa na hakika. Alizaliwa kando ya korona, ile ya shamba la ng'ambo ya mto.

Mashine ikawaka. Mikono ya mzee ikaifuata, ikaikosa, ikaifuata, ikaikosa, ikaenda mbio, mpaka mzee akaporomoka kitini akitokwa jasho.

"Basi! Basi!" Bi Sikudhani alipiga kelele. "Mnaniulia mtu! Nipeni ufunguo wangu!"

"Bibi, nipe siku moja," Mhina akasema. Alikuwa amesawijika. "Nimempa mashine ya kwetu. Kila korona ina lake. Mimi, mwenye sikio, nimesahau kuuliza."

Kutwa nzima Mhina alikaa chini, shavu limelala kwenye mguu wa kile kiti, anaisikiliza mikono ikigusa mbao. Alasiri akainua kichwa.

"Kila mara ya saba mikono inaruka. Kama inayokwepa kitu. Bibi, mara ya saba palikuwa na nini?"

Bi Sikudhani aliweka kiganja kinywani. "Kiraka," akasema. "Mkanda ulikatika, akaushona mwenyewe, kwa sindano yangu ya magunia. Kikipita kile kiraka, mashine inagutuka."

Siku ya saba, saa tisa alasiri, waliwasha tena.

Mhina alikaa katikati ya mapipa. Paa, paa, paa, paa, paa, paa, na mara ya saba akapiga pipa lililotiwa matambara: *dufu*. Kiraka kikapita. Na mikono ya Mzee Kihiyo, kwa mara ya kwanza, ikaruka pale mashine iliporuka. Bi Sikudhani akaona mabega ya mumewe yakishuka, kama ya mtu aliyepotea akaona paa la nyumbani.

Mwanamvua alikuwa mota. Hakupumzika. Usiniulize pumzi alizipitisha wapi. Mimi nilihesabu tangu kivuli cha nguzo kilipokuwa kizingitini mpaka kilipogusa ukuta, na sauti haikukatika hata kwa upana wa uzi. Tena kazi ngumu haikuwa kunguruma. Ilikuwa kuzima. Mzee aliumizwa na mashine iliyokufa ghafla. Hii ilibidi ilale. Mwanamvua aliishusha sauti polepole, kama mama anayemlaza mtoto na kuuchomoa mkono chini ya kichwa chake.

Ntahondi alisimama ng'ambo ya pili, palipokuwa pakisimama mpokeaji wa singa. Hakukuwa na singa, lakini alizipokea. Alizikung'uta, akazitundika begani, akanyoosha mkono tena. Mzee Kihiyo akainua macho, akamwona mwenzake. Miaka minne alikuwa akilisha mashine isiyo na mtu upande wa pili! Sasa alimtazama Ntahondi kama mlishaji anavyomtazama mpokeaji: salama? Salama. Mota iliposhuka, Ntahondi akashuka nayo. Jani la mwisho. Akaupokea mzigo usiokuwepo, akauweka chini, akapangusa viganja vyake kwenye suruali.

Hapo Bi Sikudhani akanikonyeza. Naam, mimi! Nyundo ilikuwa mkononi mwangu. Nikatoka nje, nikaigonga reli mara tatu, na mlio ukapita katikati ya mashamba hadi milimani, ukarudi.

Mzee Kihiyo akapangusa viganja vyake kwenye suruali. Akaviweka magotini. Vikakaa.

Vumbi la singa lilikuwa likishuka taratibu juu yetu sote, jeupe, kana kwamba ghala lenyewe lilikuwa likitufunika shuka.

"Sikudhani," mzee akasema, kwa sauti yenye kutu. "Leo zamu imekuwa ndefu."

"Ndefu sana, baba," akajibu. "Njoo ule."

Alimega ugali kwa mkono wake mwenyewe. Tonge la kwanza hakula. Alilipeleka kinywani mwa mkewe.

Kesho yake Mwalimu Adelina alikuwa anaondoka, amemrudishia Bi Sikudhani ufunguo, na atakayeupata ndiye angeiendeleza warsha. Watatu wakakaa mbele ya Bi Sikudhani.

"Mashine bila mota ni chuma tu," Mwanamvua akaanza. "Na mimi ndiye niliyeigeuza mikono siku ile ya tatu, kabla yenu nyote. Kwetu kuna wasichana walionyimwa zumari kama mimi. Nataka pa kuwaweka."

"Mota ya shamba lipi, dada?" Mhina akacheka. "Bila kiraka changu ungemngurumia mzee mpaka kaburini."

"Kiraka chako? Juzijuzi nani aliyetaka kumuua kwa mashine ya ng'ambo?"

Mhina akaitikia kwa kichwa, maana lilikuwa kweli.

"Nyinyi Wabondei masikio makubwa, lakini akili ya kuuliza hamna," Ntahondi akamtania. Kisha utani ukamwisha usoni. "Mashine mlikuwa nayo, lakini mzee asingetulia. Mtu hawezi kuacha kazi kama hajamwona mwenzake akiacha. Halafu, bibi, babu yangu alitoa miaka thelathini humu ndani, akaondoka hana hata msumari. Sidai. Nasema tu."

"Wewe mtani umeshadai," Mhina akasema, na wote wakacheka, isipokuwa Bi Sikudhani.

Kugawa hakuwezekani. Ukiikata reli vipande vitatu unapata vyuma vitatu na huna mlio hata mmoja. Wenye reli wakiwa wawili, watu hawajui waitike wito wa nani. Na neno lililosemwa mbele ya watu wa Kwamwenda halirudishwi mfukoni. Bi Sikudhani alikaa, fundo la khanga amelishika, akamtazama mwenye sikio, akamtazama mwenye sauti, akamtazama mwenye mwili. Nyuma yake mumewe alikuwa amelala, mikono kifuani, imetulia kama njiwa wawili.

Je, wewe uliyekaa hapo, fundo lile lingekuwa lako, ungemfungulia nani?

Usijibu kwanza. Kuna jambo moja nimelitia chumvi, nalo linanikereketa. Mimi nilikuwepo, hilo liko palepale. Nyundo nilipewa, kweli. Lakini nilipofika kwenye nguzo, niliishusha nyundo. Niliogopa nisije nikaigonga vibaya. Bi Sikudhani alinifuata, akaninyang'anya nyundo, akaigonga reli yeye mwenyewe, mara tatu, machozi yakimdondoka kwenye mpini.

Haya. Mtie na yeye hesabuni, sasa amua upya.