Mpishi Aliyeokota Makaa kwa Vidole

Mpishi mmoja wa pilau za harusi alikuwa na mkono uliosifiwa mtaa mzima. Aliitwa Somoe. Kazi ya kupalia hakumwachia mtu: pilau ikikaribia kukauka, aliyachukua makaa kwa koleo na kuyapanga mwenyewe juu ya mfuniko, wali uive juu na chini. Kwa miaka ishirini hakuunguza hata sufuria moja.

Siku ya harusi ya mtoto wa kaka yake, akiwa jikoni, mkono wa kulia ulikufa ganzi ghafla, kuanzia begani hadi vidoleni. Akajiambia ni uchovu wa kukoroga. Koleo likamponyoka. Kwa haraka akaokota kaa kwa vidole vya mkono uleule, na hakusikia kitu! Akaokota la pili. Wanawake wakapiga vigelegele. Furaha ikampanda Somoe kichwani. Akajiona amepewa kipawa, akacheka, akaokota la tatu.

Wifi yake Mwanaidi, aliyekuwa akimenya vitunguu saumu, hakushangilia. Aliona vidole vinatoka malengelenge, na kicheko cha Somoe kimeelemea upande mmoja wa mdomo.

"Wifi, moto haujakuogopa," alisema, akimshika kiuno. "Mkono ndio ulioacha kukuambia. Hospitali, sasa hivi!"

Somoe akaitazama sufuria. Nani angepalia? Jina lake lote lilikuwa mle ndani. Akataka kusema wageni wapate kula kwanza, lakini ulimi ulikuwa mzito na maneno yakatoka yamevunjika. Hapo ndipo alipoogopa. Wakatoka mbio na kanga zao za jikoni, pilau wakaiacha.

Daktari alikuta damu imeganda kwenye mshipa wa kichwani. Walikuwa wamewahi. Pilau iliungua, na watu walisema wee mpaka wakachoka.

Siku ya nne, kitandani, vidole vya Somoe vikaanza kumchoma. Akashtuka, akaketi, akaiita wodi nzima: "Unauma! Jamani, mkono unauma!" Alilia kwa furaha, na Mwanaidi akampigia vigelegele peke yake.

Nawe unayesikiliza: ni kitu gani kilichokuwa kikikuchoma zamani, leo hakikuchomi tena, na watu wanakushangilia?